Mwongozo wa Kuzuru Kaburi la Kale la West Kennet, Kusini mwa Uingereza

Kaburi la West Kennet liko katika eneo la Wiltshire, kusini mwa Uingereza, juu ya mgongo wa kilima unaotazamana na mto mdogo wa Kennet. Lilijengwa karibu na mwaka 3650 KK, yaani zaidi ya miaka elfu moja kabla ya piramidi kubwa ya Giza, na linahesabiwa miongoni mwa majengo ya Enzi Mpya za Mawe, kipindi ambacho watu wa visiwa vile walikuwa wameanza kulima nafaka, kufuga ng'ombe na kutengeneza shoka za mawe zilizosuguliwa hadi zikang'aa. Kuingia ni bure. Hakuna tiketi, hakuna mlinzi mlangoni na hakuna mtu wa kukutembeza, na ukarimu huo ndio unaomponza mgeni, kwa sababu watu wengi hupanda kilima, huingia ndani kwa dakika tano, hupiga picha mbili tatu, kisha hushuka wakisema kwamba hawakuona kitu isipokuwa mawe.

Mwongozo huu umeandikwa kwa msomaji wa Kiswahili anayeishi Uingereza, au anayepita huko kwa masomo, kazi au kuwatembelea ndugu, ambaye angependa kutumia siku moja mashambani na kuelewa anachokiona. Hatua zimepangwa kwa makusudi. Ukizifuata kwa mpangilio huu, ziara itakuwa na maana kubwa zaidi kuliko ukianza na kaburi lenyewe na kuacha mengine yajitokeze baadaye.

Hatua ya kwanza: Chagua siku na saa

Kaburi huwa wazi mwaka mzima wakati wa mchana, lakini miezi ya Aprili hadi Oktoba ndiyo inayomfaa mgeni asiyezoea mashamba ya Uingereza. Mto Kennet, ambao katika sehemu hii ya juu hukauka wakati wa kiangazi, hujaa maji majira ya baridi, na mara nyingine maji hufunika njia ya kupandia katika uwanda ulio chini ya kilima. Zaidi ya hayo, ardhi ya huko ni ya chaki nyeupe, na chaki iliyolowa huteleza kama sabuni. Mwezi Desemba jua huzama mnamo saa kumi jioni, kwa hiyo mtu anayetoka London saa nne asubuhi bila haraka anaweza kujikuta anashuka kilima gizani. Mwezi Juni mwanga hudumu hadi saa tatu usiku na zaidi, na msafiri ana nafasi ya kutosha kuzuru sehemu zote zinazotajwa hapa chini kwa siku moja.

Ukipenda utulivu, epuka siku zinazokaribia Juni 21, kwa kuwa watu wengi hukusanyika katika eneo hilo kuadhimisha siku ndefu kuliko zote za mwaka, na baadhi yao hukesha makaburini. Asubuhi ya siku ya kazi ni bora kuliko siku nyingine yoyote. Vyumba vya ndani ni vidogo, na watu kumi wakiingia kwa pamoja hakuna anayeona chochote.

Hatua ya pili: Anzia makumbusho ya Devizes

Huu ndio ushauri ambao wageni wengi huupuuza, nami nauona kuwa wa maana kuliko yote. Mji wa Devizes uko umbali wa kilomita kama 12 kutoka kaburini, na makumbusho yake, yanayoitwa Wiltshire Museum, yana vitu vilivyofukuliwa West Kennet. Kaburi lenyewe liko tupu. Mifupa iliondolewa, vyungu viliondolewa, shanga ziliondolewa, na kilichobaki kilimani ni nyumba isiyo na wenyewe wala vyombo vyao. Mtu anayeanza kilimani hukutana na kuta; mtu anayeanza makumbusho huingia akijua ni nani waliolazwa kati ya kuta hizo na waliwekewa nini.

Kabla ya kuingia makumbusho, ni vizuri kuifahamu historia ya ufukuaji kwa ufupi. Wachunguzi wa mambo ya kale wa Kiingereza walilijua mapema: John Aubrey alilitaja katika karne ya 17, na William Stukeley alilichora katika karne ya 18. Inaelezwa pia kwamba katika karne hiyo ya 17 daktari mmoja wa mji wa Marlborough, aliyeitwa Toope, alikuwa akichimba mifupa ya watu wa kale katika eneo hilo ili kuisaga na kuitengenezea dawa za wagonjwa wake, jambo ambalo linaonyesha kwamba tabia ya kuingilia makaburi ya watu kwa kutafuta tiba haikuwa ya bara moja. Mwaka 1859 John Thurnam, daktari aliyesimamia hospitali ya wagonjwa wa akili huko Devizes, alikichimba chumba cha mwisho cha ndani. Baada ya hapo vyumba vingine vinne vilikaa bila kujulikana kwa karibu miaka mia moja, hadi Stuart Piggott na Richard Atkinson walipolifukua kaburi kwa utaratibu wa kitaalamu mwaka 1955 na 1956.

Ukiwa ndani ya makumbusho, tafuta mambo mawili. La kwanza ni vigae vya vyungu. Utaona kwamba vinatofautiana sana kwa umbo na mapambo, na tofauti hiyo ina maana, kwa kuwa vilitiwa kaburini katika nyakati mbalimbali zilizopishana kwa karne nyingi. La pili ni vichwa vya mishale vya jiwe gumu la gumegume, vilivyochongwa kwa umbo la jani, vyembamba kiasi kwamba mtu hushangaa vilitengenezwaje bila chuma. Viangalie kwa makini, kwa sababu kimoja cha aina hiyo kitatajwa tena utakapokuwa ndani ya kaburi.

Kabla ya kusafiri, hakikisha siku na saa ambazo makumbusho hufunguliwa, na uweke akiba ya kiingilio, kwa kuwa hapa, tofauti na kaburini, hulipiwa. Asiyeweza kufika Devizes anaweza kwenda katika makumbusho madogo ya Alexander Keiller katika kijiji cha Avebury, yaliyo karibu zaidi na kaburi, ingawa hayo yanahusu zaidi duara kubwa la mawe la kijiji hicho.

Hatua ya tatu: Fika mahali

Mwenye gari kutoka London atafuata barabara kuu ya M4 hadi njia ya kutokea namba 15, ashuke kusini hadi Marlborough, kisha achukue barabara ya A4 kuelekea magharibi. Baada ya kukipita kijiji cha West Kennett, ambacho jina lake kwenye vibao huandikwa kwa t mbili, ataona upande wa kushoto nafasi ndogo ya kuegesha magari kando ya barabara. Nafasi hiyo hujaa upesi siku za mapumziko. Usiache mkoba, kompyuta au kamera mahali panapoonekana ndani ya gari, kwa sababu gari lililoegeshwa peke yake kando ya mashamba humvutia mwizi Uingereza kama linavyomvutia kwingineko.

Asiye na gari atapanda treni kutoka kituo cha Paddington mjini London hadi Swindon, safari ya takriban saa moja, kisha atachukua basi la kwenda Devizes linalopita Avebury. Mabasi ya mashambani hayafanani na daladala wala matatu: basi likikupita, linalofuata linaweza kuja baada ya saa nzima au zaidi, na Jumapili hupungua tena. Iangalie ratiba ya kurudi kabla hujaondoka nyumbani na uiandike mahali, kwa maana mtandao wa simu hukatika katika baadhi ya mabonde ya huko.

Kutoka Avebury hadi kaburini ni mwendo wa miguu wa dakika 45 hivi kwa mtu asiyekimbilia kitu, kwa njia inayofuata mto. Njia hii naipendelea kuliko ile ya gari, kwa kuwa hupita karibu na Silbury Hill, kilima kilichojengwa kwa mikono ya watu karibu na mwaka 2400 KK, chenye urefu wa zaidi ya mita 30, ambacho ndicho kikubwa kuliko vilima vyote vya kale vilivyojengwa na binadamu barani Ulaya. Usijaribu kukipanda. Kupanda kumepigwa marufuku, na sababu ni ya kweli: mwaka 2000 shimo lilifunguka ghafla kileleni, mahali ambapo watafiti wa karne ya 18 walichimba kutoka juu kwenda chini na kuacha shimo lisilojazwa sawasawa. Mtu akitazama vilima hivi viwili kwa pamoja, Silbury bondeni na kaburi juu ya mgongo, akumbuke kwamba kaburi lilikuwa na umri wa zaidi ya miaka elfu moja wakati Silbury inajengwa. Wajenzi wa Silbury waliliona kama sisi tunavyoyaona magofu ya zamani, ila lilikuwa la wazee wa nchi waliyokuwa wakiishi.

Hatua ya nne: Vaa na beba vinavyofaa

Viatu vya mpira virefu, yaani gambuti, vinafaa kuanzia Novemba hadi Machi. Miezi mingine viatu vya kawaida vyenye soli ya kushika ardhi vinatosha. Koti la kuzuia upepo ni la lazima hata mwezi Julai, kwa kuwa mgongo wa kilima uko wazi na upepo hauna kizuizi. Beba maji na chakula, kwani hakuna duka wala choo kaburini, na vyoo vya karibu viko Avebury. Beba tochi yenye mwanga mkali, na ikiwezekana uwe na ya kushika mkononi badala ya taa ya simu au ya kichwani, kwa sababu itakayoelezwa katika hatua ya nane.

Hatua ya tano: Panda kwa njia iliyowekwa

Kutoka barabara ya A4 njia hupita geti dogo la watembea kwa miguu, huvuka mto kwa daraja, kisha hupanda kusini kati ya mashamba ya nafaka. Umbali ni chini ya kilomita moja. Mteremko si mkali, na mzee mwenye afya ya wastani anaweza kuupanda akipumzika mara moja, ila kiti cha magurudumu hakiwezi kufika. Njia ni ya umma lakini mashamba ya pembeni ni mali ya watu. Usikate kona kwa kukanyaga mazao, na mbwa, ikiwa unaye, awe kwenye kamba.

Njiani utaona mti uliofungwa vitambaa vya rangi. Huwekwa na watu wa siku hizi wanaofuata imani zinazodai asili yake ni ya kale, na wengine huviweka kwa kuwakumbuka marehemu wao. Uhusiano wa vitambaa hivyo na watu waliolijenga kaburi haujathibitishwa na lolote, lakini vya mtu haviguswi; viache.

Hatua ya sita: Litembelee tuta zima kabla ya kuingia

Ukifika juu, utajikuta unavutwa na mlango, ambao uko upande wa mashariki na una mawe makubwa yaliyosimama. Upite kwanza. Fuata upande mmoja wa tuta refu linalolifunika kaburi hadi mwisho wake wa magharibi, kisha rudi kwa upande wa pili. Utatembea kama mita 100 kwenda na nyingine 100 kurudi, na hapo ndipo utakapoelewa jambo la ajabu la jengo hili: vyumba vya maiti vimechukua mita 12 tu za mwanzo. Sehemu iliyobaki, karibu asilimia 90 ya urefu wote, ni tuta lisilo na chumba, lililojengwa kwa kiini cha mawe na kufunikwa kwa chaki iliyochimbwa kutoka mitaro miwili iliyokuwa ikienda sambamba nalo. Mitaro hiyo imejaa udongo na leo haionekani, lakini wakati jengo likiwa jipya, chaki yake iliyofunuliwa ilikuwa nyeupe pepe na ilionekana kutoka mbali kuvuka bonde.

Kwa hiyo watu hawa, waliochimba kwa pembe za kulungu na kubeba kwa mikono na vikapu, walifanya kazi kubwa mara nyingi zaidi ya iliyohitajika kuwahifadhi wafu wao. Maelezo yanayoniridhisha ni kwamba kaburi lilijengwa pia kwa ajili ya walio hai, yaani jamii ya wakulima na wafugaji waliotaka kila apitaye bondeni ajue ardhi ile ni ya nani na wazee wa nani wamelala juu yake. Mtu asiyelizunguka tuta hawezi kulipata wazo hilo, kwa sababu ukiwa ndani kaburi ni dogo.

Hatua ya saba: Simama mlangoni

Mawe yaliyo mbele ya mlango ni ya aina inayoitwa sarseni, mawe magumu ya mchanga yanayopatikana yametapakaa juu ya ardhi katika vilima vya jirani. Lile la katikati ni refu kuliko mtu mzima kwa mbali, na limesimama mahali ambapo ungetarajia kuona njia. Si kosa la wajenzi. Mawe hayo yaliwekwa mwishoni, wakati watu walipoamua kulifunga kaburi moja kwa moja, na leo mgeni hupita nyuma yake kuingia ndani. Baadhi yake yalikuwa yameanguka na yakasimamishwa tena baada ya ufukuaji wa miaka ya 1950.

Kabla ya kufungwa, vyumba vilijazwa taratibu kwa chaki, udongo, vigae vya vyungu, mifupa ya wanyama na shanga. Ndani ya kifusi hicho kulikuwa na chungu cha aina iliyoenea Uingereza baada ya mwaka 2500 KK tu, na kwa sababu hiyo tunajua kwamba watu waliendelea kuja hapa na kutia vitu kwa zaidi ya miaka elfu moja tangu maiti wa kwanza kulazwa. Vile vigae ulivyoviona Devizes vilitoka katika kifusi hiki.

Hatua ya nane: Ingia, kisha fuata vyumba kwa mpangilio

Ingia, simama kwenye ushoroba, zima tochi na usubiri dakika chache hadi macho yazoee giza. Mtu mzima anaweza kusimama wima katika sehemu kubwa ya ushoroba, lakini baadhi ya milango ya vyumba humlazimu kuinama. Hewa ni baridi na nzito kidogo, na sauti ya upepo wa nje hukatika ghafla, tofauti inayomshtua hata mtu aliyeonywa.

Kwa kuwa unaingia ukielekea magharibi, mkono wako wa kulia ni kaskazini. Kuna vyumba vitano: viwili vinatazamana mwanzoni, viwili vinatazamana mbele kidogo, na kimoja kiko mwisho, kile alichokichimba Thurnam. Anza na chumba cha kwanza cha kulia. Humo Piggott alikuta mifupa ya mwanamume mwenye umri mkubwa, na penye koo lake palikuwa na kichwa cha mshale wa umbo la jani, kama vile ulivyoviona makumbusho. Huyu mzee, ambaye jina lake wala lugha yake hatuvijui, yawezekana sana aliuawa kwa mshale huo. Kisa chake kinatosha kuwapunguzia kasi wale wanaodhani kwamba wakulima wa kwanza waliishi kwa amani na ardhi yao bila ugomvi.

Sasa washa tochi, lakini usiilenge ukutani moja kwa moja. Ishike karibu kabisa na jiwe, pembeni, ili mwanga uteleze juu ya uso wake. Kwa mwanga wa namna hiyo kila alama hutoa kivuli, na utaweza kutofautisha uso wa asili wa sarseni, wenye mashimo na mikunjo, na sehemu chache zilizo laini kupita kiasi, ambazo zilisuguliwa na watu waliokuwa wakinoa shoka zao. Maana yake ni kwamba baadhi ya mawe haya yalikuwa yamekwisha kutumiwa na yanafahamika kabla hayajaingizwa katika jengo. Taa ya kichwani haiwezi kukuonyesha hayo, kwa sababu hupiga kutoka mbele na kufuta vivuli vyote.

Tazama pia nafasi zilizo kati ya mawe makubwa. Zimezibwa kwa kuta za mawe madogo bapa, yaliyopangwa bila saruji wala udongo. Hayo ni mawe ya chokaa yasiyopatikana pale kilimani. Yaliletwa kutoka maeneo ya magharibi, kilomita nyingi kwa miguu. Ukishayaona, inua macho kwenye paa, na hapa mgeni anapaswa kuambiwa ukweli: si kila kitu juu yako ni cha kale. Baada ya ufukuaji paa liliimarishwa kwa zege na kuwekewa vioo vizito vya kupitisha mwanga. Binafsi naona vioo hivyo vimeharibu giza ambalo lilikuwa sehemu ya jengo, lakini bila zege huenda leo hakuna ambaye angeruhusiwa kuingia.

Ukifika chumba cha mwisho, keti kidogo na ufikirie idadi ya waliolazwa humo. Mifupa iliyopatikana ilikuwa ya watu wasiopungua 36, wanaume kwa wanawake, wazee kwa watoto, na wengi wa watu wazima walikuwa na maumivu ya viungo yanayoacha alama kwenye mifupa. Hawakukutwa wamelala kila mmoja peke yake. Mifupa ilikuwa imechanganyika, na mafuvu pamoja na mifupa mirefu ilikuwa michache kuliko ilivyotarajiwa, kwa hiyo watafiti wengi huamini kwamba baadhi ilitolewa nje na walio hai na kupelekwa kwingine. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba mazishi yaliendelea kwa karne nyingi, lakini vipimo vya kaboni vilivyochapishwa mwaka 2007 vilionyesha kwamba mazishi ya awali yalifanyika ndani ya kipindi kifupi mno, pengine kizazi kimoja. Kwa maneno mengine, waliolazwa humu wengi wao walifahamiana wakiwa hai.

Kuhusu kama walikuwa ndugu, kaburi jingine linaloshabihiana nalo linaweza kutusaidia kukisia. Huko Hazleton, katika eneo la Gloucestershire, kulikuwa na kaburi la aina hii lililofukuliwa lote kati ya 1979 na 1982, na uchunguzi wa vinasaba vya watu 35 waliozikwa humo ulionyesha kwamba 27 kati yao walikuwa wa ukoo mmoja wa vizazi vitano, uliotokana na mwanamume mmoja na wanawake wanne aliozaa nao. Kaburi lile lilikuwa na vyumba upande wa kaskazini na upande wa kusini, na uzao wa wanawake wawili ulizikwa zaidi upande mmoja, na uzao wa wawili wengine upande wa pili. Msomaji aliyekulia katika boma ambamo kila mke ana nyumba yake, na watoto hutambulishwa kwa nyumba ya mama yao, hatahitaji kuelezwa zaidi.

Hatua ya tisa: Tunza adabu ya mahali

Wengine hujiuliza kama inafaa kuingia kaburini kwa kutalii. Mifupa haimo tena, na hilo huwatuliza baadhi ya watu. Wengine hubaki nje na kuwasubiri wenzao, na hakuna ubaya katika hilo. Anayeingia aongee kwa sauti ya chini, asiwaachie watoto kupanda mawe, na akikuta watu wamekaa kimya katika chumba kimoja, aanze na kingine.

Jambo linaloharibu kaburi hili kuliko mengine ni mishumaa. Wageni huiweka juu ya vishubaka vya mawe na kuiacha ikiwaka, na matokeo yake unayaona kwa tochi yako: michirizi ya nta iliyoganda na masizi meusi juu ya jiwe lililokaa safi kwa zaidi ya miaka elfu tano. Joto la moto pia linaweza kupasua uso wa jiwe. Usiwashe mshumaa wala ubani, usiache maua, sarafu wala chakula, na usiandike chochote. Kaburi hili liko katika orodha ya mwanzo ya majengo yaliyolindwa na sheria ya mambo ya kale ya Uingereza ya mwaka 1882, liko pia ndani ya eneo la urithi wa dunia la Stonehenge na Avebury lililotambuliwa na UNESCO mwaka 1986, na kuliharibu ni kosa la jinai. Ni marufuku vilevile kutumia kifaa cha kutafutia madini bila kibali.

Ikiwa huwezi kufika West Kennet

Aliye karibu na Bath anaweza kwenda Stoney Littleton, kaburi la aina hiyohiyo ambalo ushoroba wake ni wa chini, hivyo mgeni huingia ameinama sana. Aliye karibu na Oxford atakuta Wayland's Smithy kando ya njia ya kale ya Ridgeway, ndani ya duara la miti. Newgrange ya Ireland, iliyojengwa karibu na mwaka 3200 KK, ni kubwa na maarufu zaidi, lakini huko huingii peke yako: ziara huanzia kituo cha wageni cha Brú na Bóinne, huongozwa, na inafaa kukata tiketi mapema. Nafasi za kushuhudia jua likiingia ndani asubuhi za Desemba, siku zilizo fupi kuliko zote, hutolewa kwa bahati nasibu.

Aliyeko Kenya hahitaji kupanda ndege. Hyrax Hill, kilomita chache nje ya mji wa Nakuru, ina makaburi ya wafugaji wa Enzi Mpya za Mawe yaliyofukuliwa na Mary Leakey mwaka 1937 na 1938, pamoja na makumbusho madogo chini ya usimamizi wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Ni rahisi kufika kwa kuwa barabara kuu ya Nairobi kwenda Nakuru hupita jirani. Lothagam, magharibi mwa Ziwa Turkana, ambako wafugaji walizika watu wasiopungua 580 chini ya jukwaa lenye nguzo za mawe takriban miaka 5000 hadi 4300 iliyopita, ni safari ya aina nyingine: jangwa, joto kali na barabara za vumbi, na mtu asiende huko bila gari imara, maji ya kutosha na mwenyeji anayeijua njia.